Sura ya Saba: Mpira wa Rejeta

"Gari limechemsha. Fundi anasema mpira wa rejeta umepasuka, nimwachie gari mpaka kesho. Mpira mmoja tu! Siwezi kuubadilisha mwenyewe nyumbani?"

Swali hili huulizwa na mwalimu mwenye Spacio, na kijana wa teksi ya mtandaoni mwenye IST ya mkopo, na mstaafu ambaye Corolla yake imelingana umri na mjukuu wake wa kwanza. Jibu ni moja kwa wote: unaweza. Kufungua klipu mbili na kuchomeka mpira mpya hakuhitaji shimo la gereji wala mashine yoyote.

Ila wanaoharibikiwa na kazi hii hawaharibikiwi kwenye kufungua klipu. Wanaharibikiwa kwa sababu walifungua kifuniko cha rejeta ikiwa bado ya moto, au walijaza maji bila kutoa hewa, au walifunga mpira mpya bila kujiuliza ule wa zamani ulipasuka kwa nini. Kwa hiyo sura hii itapita haraka kwenye bisibisi na itakaa zaidi kwenye hayo matatu.

Gari letu la mfano ni Toyota yenye injini ya 1NZ, ya sentimita za ujazo 1,497, kwa sababu barabara zetu zimejaa magari yake: Probox, Spacio, Raum, Corolla na baadhi ya IST. Mwenye Nissan au Honda atakuta mpangilio wa namna hiyohiyo, isipokuwa mikunjo ya mpira wake itakuwa tofauti.

## Maji yanazungukaje?

Petroli inapoungua ndani ya injini, nguvu yake yote haifiki kwenye matairi. Kwa makadirio ya jumla, karibu theluthi moja hulisukuma gari, theluthi nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, na iliyobaki hubaki kwenye chuma ikiwa joto. Joto hilo lisipoondolewa, injini haina muda mrefu wa kuishi.

Kazi ya kuliondoa ni ya maji. Pampu ya maji, ambayo kwenye injini yetu ya mfano huzungushwa na mkanda wa nje, huyasukuma maji kupitia njia zilizochongwa ndani ya injini. Yakishabeba joto hutoka kupitia mpira wa juu na kuingia kwenye rejeta, yaani ule mkusanyiko wa mabomba bapa na mapezi membamba ya alumini uliosimama mbele ya gari ili upigwe na upepo. Yakishapoa hurudi kwenye injini kupitia mpira wa chini. Gari dogo la familia hubeba kati ya lita 4 na 6, na maji hayohayo huzunguka mchana kutwa.

Katikati ya njia kuna mlinzi anayeitwa themostati, yaani kilango kinachofunguka chenyewe kwa joto. Kwenye 1NZ huanza kufunguka maji yakifika karibu nyuzi 82 za Selsiasi. Kabla ya hapo maji huzunguka ndani ya injini tu, ili injini ipate joto upesi. Kumbuka kilango hiki. Kitatusumbua tutakapofika kwenye hewa.

Kwa nini basi njia ya kwenda na kurudi iwe ya mpira, kitu kinachochakaa, badala ya bomba la chuma? Fanya jaribio hili. Fungua boneti, usimame ubavuni mwa gari, wala usisimame mbele yake. Mwombe mtu akanyage breki kwa nguvu, hendibreki ikiwa juu, kisha atoe gia N aweke D, halafu R. Utaona injini nzima inainama mbele na nyuma. Injini imekalia mipira yake, ilhali rejeta imefungwa kwenye bodi. Bomba la chuma kati ya viwili hivyo lingekatika mapema sana. Mpira unakubali kuvutwa na kusukumwa, tena huku umebeba maji ya moto yenye presha.

Presha hiyo huwekwa na kifuniko cha rejeta kwa makusudi. Usawa wa bahari maji matupu huchemka kwa nyuzi 100. Ukipanda mpaka Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Kifuniko huyabana maji mpaka presha ya bar 1 hivi juu ya ile ya hewa ya nje, na kwa kubanwa huko kiwango cha kuchemka hupanda kwa nyuzi 20 hivi. Ndiyo maana maji yanaweza kufika nyuzi 105 ndani ya rejeta na bado yakatulia. Ukikifungua kifuniko wakati huo, presha inaondoka ghafla na maji yote yaliyozidi nyuzi 100 yanataka kuwa mvuke papo hapo. Yanaruka usoni na kifuani. Hospitali zetu zinawajua majeruhi wa aina hii vizuri sana.

Kwa kifupi:
- mpira wa juu hupeleka maji ya moto kwenye rejeta, wa chini huyarudisha yakiwa yamepoa;
- ni mpira kwa sababu injini inatikisika na rejeta haitikisiki;
- kifuniko ndicho kinachozuia maji yasichemke, kwa hiyo hakifunguliwi ila rejeta ikiwa baridi.

## Je, kulanti si ya nchi za baridi?

Hili huja kila mara, basi tulimalize hapa. Kulanti ni mchanganyiko wa maji safi, kimiminika kinachoitwa glaikoli, na dawa za kuzuia kutu. Ni kweli kwamba Ulaya huinunua kwanza ili maji yasigande. Dodoma au Mombasa hayagandi. Lakini glaikoli hupandisha pia kiwango cha kuchemka, na dawa zake huilinda alumini ya rejeta, pampu na injini. Maji ya kisima ya Pwani na ya Dodoma yana chumvi nyingi. Chumvi huacha magamba ndani ya vibomba vya rejeta na kuifanya alumini iliwe upesi.

Vilevile maji yenye chumvi huuharibu mpira. Injini ina metali za aina kadhaa zilizoloweshwa na maji yaleyale, na maji yanayopitisha umeme yakiwa kati ya metali tofauti huzaa umeme mdogo. Umeme huo huushambulia mpira kwa ndani, hasa karibu na ncha zake, na kuutoboa nyufa nyembamba zinazotambaa kuelekea nje. Kwa nje unang'aa, ndani umekwisha. Ndiyo maana mipira mingi hupasuka pale karibu na klipu na si katikati.

Kama huna uwezo wa kulanti iliyokwisha kuchanganywa dukani, nunua ile nzito uchanganye nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea kwenye betri. Angalia lebo: kulanti ya waridi ya Toyota huuzwa ikiwa tayari imechanganywa, na kuiongezea maji ni kuipunguzia nguvu bure. Rangi zenyewe si sheria, kwa kuwa kila kiwanda hupaka yake. Usichanganye aina mbili kwa kuamini kwamba zote ni kijani.

## Vidole vinajua kabla ya geji

Mpira hautoi tangazo, lakini hutoa dalili. Asubuhi, injini ikiwa baridi, ubonyeze kwa kidole gumba na cha shahada kuanzia ncha moja hadi nyingine. Mpira mzima hukubali kubonyea na hurudi ulivyokuwa. Tafuta haya:

- sehemu laini kupita nyingine, hasa sentimita chache kutoka kwenye klipu;
- mlio wa kukwaruza ndani unapobonyeza, dalili kwamba nyuzi zake zimeachana na mpira;
- uvimbe, hata ukiwa mdogo;
- ugumu usiobonyea kabisa;
- ukoko mkavu wa waridi, kijani au mweupe kwenye shingo, alama ya maji yaliyovuja yakakaukia hapo;
- utelezi wa mafuta ya injini.

Utelezi wa mafuta usiuchukulie kwa wepesi. Mpira huu umetengenezwa kwa mpira wa viwandani unaoitwa EPDM, unaostahimili maji ya moto miaka mingi lakini hauwezi mafuta kabisa. Mafuta yakiudondokea kutoka kwenye gasketi ya juu iliyochoka, huvimba na kuwa kama ulimi. Ukibadilisha mpira ukaacha mafuta yanadondoka, umenunua mpira wa miezi michache.

Kuhusu geji, magari mengi madogo, Passo na Vitz yakiwemo, hayana mshale wa joto. Yana taa ya bluu injini ikiwa baridi, na taa nyekundu ikizidi moto. Kati ya hapo hakuna habari yoyote. Hata mshale unaweza kudanganya: kihisi cha joto kinapaswa kulowa majini ndipo kisome sawasawa, na maji yakishakwisha kinabaki hewani na mshale unaweza kushuka huku injini inaungua. Dereva anafurahi kwamba gari limepoa lenyewe! Ukiona mshale uliopanda unaanguka ghafla, na boneti inatoa mvuke, zima injini.

## Ikitokea njiani

Sema uko Kitonga, unapanda kwenda Iringa nyuma ya lori lililobeba mzigo. Injini inafanya kazi kubwa, mwendo ni mdogo, upepo wa kwenye rejeta ni haba. Hapo ndipo mpira dhaifu huachia.

Mshale ukianza tu kupanda, zima AC na ufungulie hita mpaka mwisho, feni ikiwa juu. Ndani kutakuwa tanuru na abiria watalalamika, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili, na joto linalowatoa jasho limetoka kwenye injini. Tafuta mahali salama pa kusimama. Kama mvuke umeshatoka au taa nyekundu imewaka, usitafute tena mahali pazuri. Simama pembeni, weka pembetatu, zima.

Baada ya hapo subiri, wala dakika kumi hazitoshi. Injini iliyochemka huhitaji saa nzima hivi, na kipimo ni mpira wa juu: ukiugusa uwe wa uvuguvugu na ukiubonyeza uwe laini, ndipo kifuniko kiguswe, kwa tambara nene, kidogo kidogo. Atatokea mtu mwema na dumu la maji ya baridi. Mshukuru, ulipokee dumu, uliweke chini. Maji ya baridi yakimwagwa kwenye injini ya moto huikunja ghafla silinda hedi, yaani kile kipande cha alumini kilichofunika sehemu ya juu ya injini, na ikipinda au kupasuka, gharama yake huwezi kuilinganisha na ya mpira.

Tundu dogo katikati ya mpira unaweza kulifunga kwa muda. Kausha, kaza juu yake utepe wa tyubu ya baiskeli, safu kadhaa, uufunge kwa waya. Jaza maji, kisha kizungushe kifuniko mpaka hatua ya kwanza tu, kisibane mpaka mwisho. Presha haitajengeka, kwa hiyo kiraka kitavumilia, lakini maji yatachemka mapema. Basi utaenda polepole na kusimama mara kwa mara kuongeza. Dawa hii ni ya kukufikisha kwenye mji unaofuata. Mpira uliochanika kwenye ncha, mara nyingine unaweza kuukata hapo na kuurudisha ukiwa mfupi kidogo, kama urefu unaruhusu.

## Dukani

Nenda na mpira wa zamani mkononi. Iwe Kariakoo na Gerezani jijini Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, muuzaji atakuuliza aina ya gari, na jibu la "IST" pekee halitoshi kwa sababu IST zina injini za aina zaidi ya moja. Mpe namba ya chesisi na ya injini, kisha weka wa zamani na mpya bega kwa bega: mikunjo, urefu, na upana wa tundu kila upande. Baadhi ya mipira ina tundu tofauti kila ncha.

Epuka njia mbili za kubana matumizi ambazo wengi huzikimbilia. Ya kwanza ni mpira ulionyooka, unaokunjwa kwa nguvu ufuate njia. Ukipata moto utakunjika kama karatasi na kuziba maji. Ya pili ni mpira uliotumika, uliofunguliwa kwenye gari lililochinjwa. Spea nyingi za namna hiyo ni nzuri kuliko mpya za bei ya chini, nazitetea siku zote, lakini si mpira. Umri wake ndio ugonjwa wake. Kwenye ncha ya mpira mpya wenye ubora utaona safu ya nyuzi katikati ya tabaka mbili za mpira. Usipoiona, urudishe.

Nunua na klipu. Zilizotoka na Toyota ni za springi, zinazobanwa kwa plaizi. Watu huzitupa na kuweka za bisibisi wakidhani ni imara zaidi. Kwa kweli ile ya springi, kama haijalegea wala kushika kutu, huufuata mpira unapotanuka na kusinyaa, ilhali ya bisibisi hubaki pale ulipoikaza.

Na ukibadilisha wa juu, fikiria kuubadilisha na wa chini. Mipira hii miwili ina umri mmoja.

## Kazi yenyewe

Anza na mpira wa juu, maana unafikika kwa kusimama. Wa chini huenda ukakudai utoe kava la plastiki chini ya gari. Ukilazimika kuliinua, gari likae juu ya stendi imara na matairi ya nyuma yawekewe vizuizi. Jeki peke yake si ya kukaa chini yake, hata kwa dakika moja.

Tayarisha plaizi, bisibisi, kisu chenye makali, beseni, matambara, msasa laini, kulanti, na saa mbili ambazo hutaharakishwa.

1. Injini iwe baridi kabisa. Asubuhi kabla ya kuwasha ndiyo saa nzuri.
2. Toa waya hasi wa betri. Kwenye baadhi ya magari feni huweza kuwaka hata swichi ikiwa imezimwa, na feni haichagui kidole.
3. Fungua kifuniko cha rejeta, uweke beseni chini, ulegeze kizibo cha kumwagia maji kilicho chini ya rejeta. Ni cha plastiki. Kikigoma usikilazimishe, kwa sababu kinakatika. Kwa mpira wa juu inatosha maji kushuka chini ya usawa wake.
4. Chora au piga picha jinsi mpira ulivyokaa. Mipira ya Toyota huwa na alama ya rangi inayoelekeza upande wa juu.
5. Bana klipu na uisogeze nyuma, katikati ya mpira.
6. Uzungushe mpira taratibu kuubandua. Usiupindue kwa bisibisi. Shingo ya rejeta ni plastiki iliyopikwa kwa miaka, na ikikatika umepoteza rejeta nzima. Ukigandamana, uchane kwa kisu kwa urefu, kwa wepesi, makali yasifike kwenye shingo, kisha uumenye.
7. Safisha shingo zote mbili. Ukoko wa upande wa injini uondoe kwa msasa laini. Plastiki ya rejeta ifute kwa tambara.
8. Visha mpira mpya klipu kwanza. Kila mtu husahau hili mara moja. Lowesha ncha kwa kulanti au maji matupu uteleze. Usitumie grisi wala mafuta, sababu umeshaijua.
9. Sukuma mpaka mwisho, linganisha alama, kisha weka klipu nyuma ya ule ukingo uliovimba kwenye shingo, isikae juu yake. Ya bisibisi ikaze mpaka mpira uanze kubonyea, uishie hapo.
10. Hakikisha mpira haugusi mkanda wala feni. Funga kizibo, rudisha waya wa betri.

Angalizo kwa wenye gia za otomatiki: chini ya rejeta kuna mipira miwili myembamba. Ndani yake mna mafuta ya gia, mara nyingi mekundu. Hiyo haituhusu leo, iache ilivyo.

Maji uliyoyamwaga usiyaache kwenye beseni uani. Glaikoli ni tamu na ni sumu ya figo. Mtoto, mbwa au mbuzi ataionja bila kusita. Yatie kwenye dumu, uandike juu yake, uyapeleke gereji inayokusanya maji machafu ya magari. Yasitiwe kwenye chupa ya soda, hata kwa muda mfupi.

## Hewa

Hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani hufia. Mpira umekaa vizuri, maji yamejaa hadi mdomoni, kifuniko kimefungwa, na kesho yake gari linachemsha tena. Mwenyewe anaapa kwamba aliuziwa mpira feki.

Tatizo ni kwamba ulipomwaga maji, hewa iliingia kwenye nafasi yake. Unapojaza, themostati ni baridi na imefungwa, kwa hiyo maji hujaza rejeta lakini mapovu hunaswa ndani ya injini na kwenye hita. Mvuke na hewa havibebi joto kama maji. Povu likikaa juu ya silinda, chuma cha hapo kinaungua huku rejeta imejaa maji ya baridi. Na pampu ikivuta hewa haisukumi kitu.

Mimina kulanti polepole, utulie kidogo kila baada ya muda, na ubinyebinye mpira wa juu na wa chini kwa mkono. Utaona mapovu yakipanda na kiwango kikishuka. Ongeza. Kitangi cha akiba, ile chupa ya plastiki pembeni, kijaze hadi kati ya alama ya LOW na FULL.

Weka hita kwenye joto la mwisho. Jirani akikukuta umewasha hita Dar es Salaam mwezi wa Februari atakuona umerukwa na akili, mwache. Washa injini, kifuniko kikiwa wazi, gari likiwa mahali tambarare au pua yake imeinuka kidogo. Maji yatapanda na kushuka. Ongeza yanaposhuka. Mikono, kanga na mikono mirefu ya shati ikae mbali na feni na mkanda.

Baada ya muda, dakika kumi na zaidi, mpira wa chini, uliokuwa baridi wakati wote huo, utaanza kupata joto. Themostati imefunguka. Kiwango huweza kushuka ghafla, na mapovu makubwa kutoka. Jaza, kisha rudisha kifuniko. Acha injini iungurume mpaka feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili.

Kipimo cha mwisho kiko ndani ya gari. Weka kiganja kwenye tundu la hita. Upepo ukiwa wa moto na haubadiliki, maji yanazunguka. Injini ikiwa ya moto na hita inapuliza baridi, bado kuna hewa: zima, subiri ipoe, urudie.

Asubuhi inayofuata, kabla ya kuwasha, fungua kifuniko uangalie. Mara nyingi utaongeza kikombe hivi. Angalia tena baada ya siku chache. Kiwango kikiendelea kushuka bila tone kuonekana chini, soma sehemu inayofuata.

Kwa kifupi: jaza polepole, hita kwenye moto, subiri mpira wa chini upate joto, subiri feni mara mbili, kagua asubuhi.

## Ulipasuka kwa nini?

Mpira wa miaka kumi uliopasuka umemaliza siku zake, hauna kesi. Mpira wa mwaka mmoja una kesi ya kujibu, na shahidi wa kwanza ni mpira wenyewe. Uchane kwa urefu uutazame ndani. Nyufa zilizojipanga karibu na ncha zinasema maji yalikuwa mabaya. Mpira uliovimba na kulainika kwa nje unasema kuna mafuta yanayodondoka. Mkwaruzo upande mmoja unasema ulikuwa unagusa kitu. Ulio mzima kabisa isipokuwa mpasuko mmoja mkubwa unaelekeza kidole kwenye presha.

Presha ikizidi, mtuhumiwa wa bei ndogo ni kifuniko. Kina springi na vali mbili, moja ya kuachia presha ikizidi na nyingine ya kuruhusu maji yarudi kutoka kitangi cha akiba injini inapopoa. Ya kwanza ikiganda, mipira huvimba. Ya pili ikiganda, utakuta asubuhi mpira wa juu umejikunja na kunywea, na watu huulaumu mpira. Badilisha kifuniko kwa kingine chenye namba ileile ya presha iliyochapwa juu yake. Kikubwa zaidi si bora zaidi.

Kisha kuna themostati isiyokuwepo. Mafundi wengi huing'oa na kusema kwa Afrika haihitajiki, joto lipo la kutosha. Gari lenye shida ya kuchemsha hutulia kwa wiki kadhaa na fundi anapata sifa. Injini sasa haifiki joto lake la kazi barabarani, kompyuta yake inadhani bado ni asubuhi na inaongeza petroli, mafuta ya injini yanachafuka mapema, na tatizo la kweli, mfano rejeta iliyoziba, linaendelea kukua kimyakimya. Kama yako ilitolewa, irudishe siku hiyohiyo unayobadilisha mpira wa chini. Kwenye 1NZ iko pale mpira huo unapoingia kwenye injini, na maji umeshayamwaga.

Mtuhumiwa wa mwisho ndiye mzito: gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Moshi wa ndani ya silinda hupenya kwenye njia za maji na kuzijaza presha. Washa gari asubuhi ukiwa umeshika mpira wa juu. Ukiwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata joto, au mapovu yakitoka kwenye rejeta bila kukoma hata baada ya hewa kuisha, kazi imetoka mikononi mwako. Kuna kimiminika cha bluu ambacho hugeuka njano kikikutana na moshi wa injini kwenye rejeta. Tafuta gereji yenye kipimo hicho. Mweleze fundi ulichokiona, usimweleze unachodhani: mpira unakuwa mgumu baada ya muda gani, maji yanapungua kiasi gani kwa wiki, ekzosi inatoa moshi mweupe asubuhi au la, na umeshabadilisha nini mwenyewe. Akianza kwa kutafuta spana ya kung'olea themostati, chukua funguo zako.